Siku Masalani Ilipopotea Kwenye Skrini Yangu

Nilipopata kazi Garissa, mama yangu alilia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Sisi ni watu wa Mwingi, na kutoka kwetu mpaka Garissa ni lami moja tu, unaondoka baada ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha mchana umeshafika. Lakini kwa mama, ukivuka daraja la Tana umeingia kwenye nchi ya mashambulizi, ya taarifa za saa moja usiku, zile ambazo baba huzima redio kabla hazijaisha. Aliniuliza kama hospitali za kwetu hazina kompyuta. Nikamwambia zinazo, ila waliokuwa wanatafuta mtu wa kompyuta ni wa Garissa, na mimi nilikuwa nimekaa nyumbani na diploma yangu mpaka majirani wakachoka kuniuliza.

Kwa hiyo nilikwenda nikiwa nimebeba hofu yake juu ya hofu yangu. Miezi ya mwanzo nilikuwa natoka chumbani kwenda hospitalini na kutoka hospitalini kwenda chumbani. Sokoni sikwenda, nilinunua vitu kwenye duka la mlangoni. Pikipiki ikitoa mlio wa kupasuka barabarani, nilikuwa nainama. Mlinzi wa hospitali, baba mmoja Msomali wa makamo, aliniona siku moja nimechutama nyuma ya pipa la takataka, akanisalimia kwa upole kana kwamba ni kawaida watu kukaa hapo.

Aliyenitoa chumbani ni mwanamke kutoka Masalani, kule chini Ijara, karibu na mto. Alikuwa msimamizi wa rekodi katika hospitali ndogo ya huko, nasi tulikuwa tunasimamia kompyuta zao kutoka Garissa. Alikuja kwetu kwa mafunzo, nyumba za wageni zikawa zimejaa, akalala kwangu. Alinizidi umri, ana watoto, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi kutoka mbali. Tangu siku ya kwanza aliniita abaayo, yaani dada kwa Kisomali, na mimi nikamwita vivyo hivyo. Jioni ya kwanza aliangalia jiko langu, akauliza, "Abaayo, wewe unakula nini? Biskuti?" Akanishika mkono mpaka sokoni. Aliniongoza katikati ya akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, akinitambulisha kwa kila mmoja kwa Kisomali, nami sikuelewa ila neno abaayo. Baada ya hapo niliweza kwenda mwenyewe. Hofu haikuisha, lakini ilipungua kiasi cha mtu kununua nyanya.

Naeleza habari zake kwanza kwa sababu mwaka uliofuata, siku ninayotaka kuisimulia, ni yeye niliyedhani nimempoteza.

Wakati huo tulikuwa tumeletewa mfumo mpya wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa, nao ulikuja ndani ya kontena. Si kontena la chuma kama yale yanayobebwa na malori, ingawa jina limetoka huko huko. Watengenezaji wanaifunga programu pamoja na kila kitu inachohitaji, wanaifanya kifurushi kimoja, na kifurushi hicho ukikishusha kwenye kompyuta yoyote kinafanya kazi vile vile. Ila kompyuta yenyewe lazima kwanza iwekewe programu nyingine, ya kuyapokea makontena na kuyaendesha. Kazi yangu ilikuwa kuiweka hiyo kwenye kompyuta ya Masalani.

Kompyuta ile tulikuwa tunaiita seva, maana ndiyo iliyohifadhi rekodi zote na kompyuta za wodini zilikuwa zinauliza kwake. Ilikuwa inatumia mfumo uitwao Linux. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Ukiifungulia skrini unaona weusi na maandishi meupe, unaandika amri, inatii. Jambo hilo ndilo lililonitia woga kuliko yote. Kompyuta za kawaida zinakuuliza mara mbili kama kweli unataka kufuta. Hii ukiiambia ifute, inafuta, kisha inakaa kimya ikingoja amri nyingine.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mzee wa Wajir, mtu mpole anayezungumza polepole. Nilimwomba tungoje. Mvua ilikuwa imefurisha Tana na barabara ya Masalani ilikuwa imekatika, malori yamelala matopeni. Nilimwambia kazi ya namna hii ni afadhali mtu awe amekaa mbele ya mashine yenyewe.

"Utaenda na ndege?" akaniuliza.

"Tungoje barabara ifunguke."

"Ikifunguka itakatika tena. Kutoka hapa huwezi kuifikia?"

Nikasema naweza. Kwa kweli ningeweza kubishana zaidi, lakini barabara ile niliiogopa hata ikiwa kavu. Vichaka vinaikaribia pande zote mbili, na watu walikuwa na habari zake nyingi. Kati ya mashine na barabara, niliona bora mashine.

Tulichagua Ijumaa adhuhuri, watu wanapokuwa msikitini na foleni ya wagonjwa inapungua. Rafiki yangu alisema atabaki ofisini kwake Masalani, karibu na seva, ili likitokea lolote awepo. Aliniandikia ujumbe: "Abaayo niko hapa. Anza, bismillahi." Nakala ya rekodi nilikuwa nimeanza kuivuta kuja Garissa tangu Jumatano, lakini mtandao ulikuwa unatiririka kama bomba la kiangazi na ilikuwa haijafika hata nusu. Nakala kamili niliyokuwa nayo ilikuwa ya kabla ya mvua. Nilimwambia mkuu wangu hivyo. Akasema, "Insha'Allah haitahitajika."

Nikaingia kwenye seva ya Masalani kupitia mtandao. Niliondoa kwanza toleo la zamani la programu hiyo, lililokuwa limewekwa na mtu aliyekuwepo kabla yangu lakini halikuwahi kuwashwa. Nikaingiza ufunguo, yaani yale maandishi marefu yanayothibitisha kwamba programu inatoka kwa wenyewe na si kwa mwizi. Nikaionyesha kompyuta mahali pa kuipata. Kila amri niliiandika, nikaisoma kwa kidole, nikaisoma tena, ndipo nikabonyeza. Jasho lilikuwa linanitoka ingawa kiyoyozi kilikuwa kinaunguruma juu ya kichwa changu. Kisha nikaandika amri ya kuweka programu yenyewe. Mistari ikaanza kupanda: inapakua, inafungua, inapanga. Mstari wa mwisho niliouona ulisema huduma inawashwa.

Hapo skrini ikasimama.

Nilibonyeza herufi, haikutokea. Nikangoja. Mtandao wa kwetu huwa unakwama, nikajiambia unakwama tu. Nikafungua dirisha jingine na kuiita seva, haikujibu. Nikaita tena. Kutoka msikitini nilisikia sauti ya imamu ikiendelea na hotuba kama dunia yote iko salama.

Nilichukua simu kumpigia rafiki yangu. Iliita mara moja, ikakatika. Nikapiga tena, nikaambiwa mteja hapatikani. Nikapiga kwa muuguzi wa huko ambaye namba yake nilikuwa nayo. Hapatikani. Nikapiga namba ya ofisi ya hospitali. Hapatikani.

Nilitoka nje kwenye ujia. Karani wa dawa, kijana wa hapo Garissa, alikuwa amesimama mlangoni akitazama simu yake.

"Wewe umepata mtu wa Masalani?" nikamuuliza.

"Hakuna network Ijara yote," akasema. "Shangazi yangu yuko Sangailu, simpati. Wanasema mlingoti umelipuliwa."

"Nani anasema?"

"Watu."

Mtu asiyekaa upande ule huenda asielewe neno hilo lilinifanya nini. Kwetu Mwingi mlingoti wa simu ukizimika, watu wanasema stima imepotea. Kule, ukizimika, watu wanauliza kwanza nani ameuzima, na kama ameishia hapo. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilimwona kwa mawazo rafiki yangu ndani ya ofisi yake, dirisha moja, mlango mmoja, amekaa pale kwa sababu yangu. Siku nyingine yoyote saa hiyo angekuwa nyumbani anapika.

Simu yangu ikalia. Nikaruka. Alikuwa mama.

"Uko wapi?"

"Kazini, mama."

"Wanasema kwenye kikundi cha kanisa kwamba huko kumelipuka. Toka hapo. Panda gari uje."

"Si hapa, mama. Ni mbali, ni Masalani."

"Kwani Masalani si huko?"

Nilimwambia nitampigia baadaye. Alianza kuomba kwenye simu, nami nikakata akiwa katikati ya maombi, jambo ambalo sijawahi kumfanyia kabla wala baada ya siku hiyo.

Mkuu wangu alirudi kutoka msikitini bado ana kofia yake ya swala. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, seva, simu, mlingoti. Alisikiliza, kisha akapiga simu kwa watu anaowafahamu, mmoja mmoja, kwa Kisomali. Nilikuwa namtazama uso nikijaribu kusoma. Alipomaliza aliketi kwenye kiti cha mbele yangu.

"Hakuna anayejua," akasema. "Kila mtu amesikia kwa mwingine. Tusubiri."

"Na kama kweli wameingia?"

"Tusubiri, binti yangu."

Tukasubiri. Alikuwa anavuta tasbihi yake chini ya meza, midomo ikicheza bila sauti, na mimi nilikuwa naomba kwa njia yangu, kwa Kikamba, maombi yasiyo na mpangilio. Nakumbuka nilikuwa nashikilia tegemeo la ajabu. Kama mlingoti umezimika, basi ndio uliokata mawasiliano na seva, maana mtandao wa hospitali ile ulipita huko huko. Kwa hiyo si mimi. Halafu nilikuwa najiona ninachokitegemea ni nini, kwamba ni afadhali kulipuke kuliko niwe nimekosea amri, na nilijionea haya.

Simu ililia tena. Namba nisiyoijua.

"Abaayo!"

Ilikuwa sauti yake, ile ya kuita mbuzi, na nyuma yake upepo na maji. Nilianza kulia kwa sauti, mbele ya mkuu wangu, naye akageuza uso kutazama dirisha.

"Abaayo, unasikia? Niko mtoni. Nimechukua simu ya mwenye mashua, yeye anapata network ya ng'ambo. Huku kwetu simu imekufa yote."

"Uko salama? Hakuna watu wameingia?"

"Watu gani? Hakuna. Mimi niko na matope mpaka magoti." Kisha sauti yake ikabadilika. "Sikiliza. Umefanya nini kompyuta? Kompyuta ya wodi zote haifungui rekodi. Ilikatika kabla ya simu kukatika. Kuna mama ameletwa kutoka Sangailu na pickup, ana mimba kubwa, anapata degedege, hasemi. Mama mkwe wake anasema mwaka jana alidungwa sindano hapa, ikamvimbisha mwili wote karibu afe. Sindano gani, hajui. Daktari anataka faili yake."

Wodi za Masalani ziko uwanja mmoja na seva. Waya wao hauhitaji mlingoti wowote. Kama wodi nazo hazifungui, basi simu kuzimika ni jambo lake, na seva kunyamaza ni jambo langu. Nilikuwa nimeivunja mimi.

"Seva yenyewe inawaka?" nikamuuliza.

"Inawaka. Taa yake ya kijani iko. Skrini nyeusi, inaandika jina lake, inangoja."

"Nipe muda kidogo. Usiondoke hapo."

"Niende wapi? Lakini fanya haraka, abaayo. Wallahi huyo mama ni mdogo, ni kama msichana."

Pale ofisini kulikuwa na kompyuta ya kujaribia mambo. Niliiwekea programu ile ile kwa amri zile zile, nikakosea neno la siri na kulirudia. Huku mtandao ulikuwa na kasi, ikamaliza upesi. Nikaiuliza inipe orodha ya njia zake, yaani inapeleka ujumbe wapi kwa anwani zipi. Hapo nikaona.

Programu ile ikiwashwa mara ya kwanza hujijengea daraja ndani ya kompyuta, ili makontena yaweze kuzungumza, na daraja hilo hujichukulia fungu la anwani. Fungu lililochukua lilikuwa lile lile ambalo sisi tulikuwa tumezipa kompyuta za wodi na za Garissa. Basi kompyuta ya wodi ilipouliza kitu, swali lilifika kwenye seva, lakini seva ililipeleka jibu kwenye daraja jipya, ambako hapakuwa na mtu yeyote. Rekodi hazikufutika. Zilikuwa zinajibu ukutani.

Nilijua hivyo, au nilidhani najua. Mashine iliyokuwa mbele yangu haikuwa ile ya Masalani.

Nilimpigia mwenye mashua, akampa simu. Nilimwambia kuna amri mbili. Ya kwanza ni ya kuisimamisha programu, ya pili ni ya kulifuta daraja. Neno la siri la seva alikuwa nalo. Alikuwa na kalamu, karatasi hakuwa nayo, akaandika kwenye boksi la glavu alilokuwa amelibeba kujikinga mvua. Nilimsomea herufi kwa herufi. Nilipofika kwenye amri ya pili alinikatiza.

"Abaayo. Hili neno hapa, delete. Si ni kufuta?"

"Ni kufuta."

"Hii kompyuta iko na watoto wote wa Ijara. Chanjo yao, kila kitu. Wagonjwa wa TB. Mimi mwenyewe niliingiza majina, miaka yote hiyo. Unaniambia niandike kufuta?"

"Inafuta daraja tu, haigusi rekodi."

"Una uhakika?"

Mkuu wangu alikuwa ameacha tasbihi. Nilitaka kusema ninao uhakika kabisa, na nilijua kwamba kama herufi moja itakaa vibaya mahali pabaya, sitajua mpaka iwe imechelewa.

"Nimejaribu hapa, imefanya kazi," nikasema. "Huko sijui kwa macho. Lakini naamini."

"Haya. Bismillahi," akasema, na nikasikia miguu yake ikitoka kwenye maji.

Kutoka mtoni mpaka hospitalini si mbali kwa siku kavu. Siku ile njia ilikuwa tope tupu. Nilikaa na simu mezani nikiitazama kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa. Karani wa dawa aliingia kuuliza habari za shangazi yake, mkuu wangu akamwambia Masalani hakuna kilichotokea, akatoka amejishika kifua. Nilikuwa namfikiria yule mama wa Sangailu, ambaye sikuwa nimemwona, na mama mkwe wake anayerudia kusema sindano, sindano, bila kujua jina lake.

Alipopiga tena alikuwa anahema.

"Imekataa. Ya kwanza inasema haijui stob. Ya pili inasema haijui ib."

Nikamwomba anisomee alichoandika. Akasoma: s, t, o, b. Kisomali hakina sauti ya p, na wengi wanaokua wakikizungumza huitamka p kama b. Mimi nilisema p, yeye akasikia b, na simu ile yenye upepo haikutusaidia.

"Si b. Ni p. P ya paka."

"Ndiyo, b ya baka."

"Hapana, abaayo. P!"

"Si nasema hiyo hiyo?"

Nilikuwa karibu kupiga kelele. Nilifunga macho. "Ile herufi ambayo mguu wake unashuka chini ya mstari. B inanyoosha kichwa juu. Hii inashusha mguu chini."

"Ile ya mwanzo wa bolisi?"

"Ya mwanzo wa polisi. Ndiyo. Hiyo."

Alicheka. Katikati ya yote hayo, amesimama kwenye maji ya Tana, alicheka, na mimi nilishangaa kusikia nami nimecheka. Akarekebisha. Tukapitia boksi zima, kila b na kila p, mguu chini, kichwa juu. Kisha akaenda tena.

Safari hiyo hakurudi kwa muda mrefu. Adhana ya alasiri ikalia Garissa. Mkuu wangu aliswali pale pale pembeni ya ofisi, juu ya mkeka wake mdogo, kisha akarudi kitini. Nilimpigia mwenye mashua. Alisema amevuka upande wa pili na abiria, rafiki yangu hajamwona tena. Nilijitungia sababu zote. Amefuta, rekodi zimekwenda, anaona haya kuniambia. Ameteleza amevunjika mguu. Yule mgonjwa amekufa na hakuna tena haja ya kuharakisha. Nilikuwa naziangalia zikija moja baada ya nyingine.

Kisha, bila kutegemea, nikaona kitu kwenye skrini. Nilikuwa nimeiacha kompyuta yangu ikiiita seva ya Masalani tena na tena, mstari baada ya mstari wa kutojibiwa. Ghafla mstari mmoja ukajibu. Halafu mwingine. Halafu ikaendelea.

"Imerudi," nikasema.

"Kitu gani?"

"Masalani. Na mlingoti pia, lazima nao umerudi."

Sikushangilia. Niliingia kwenye seva na kwenda moja kwa moja kwenye rekodi. Zilikuwepo. Nilifungua ya mtoto mmoja, nikafungua ya mwingine, nikashuka mpaka chini kabisa, kama mtu anayehesabu mbuzi baada ya fisi kupita. Zote zilikuwepo. Ndipo mkuu wangu akaniletea chai.

Rafiki yangu alinipigia kwa simu yake mwenyewe wakati jua linashuka. Mlingoti haukulipuliwa. Jenereta yake ilikuwa imeishiwa dizeli, kwa sababu lori la dizeli lilikuwa miongoni mwa yale yaliyolala matopeni, na mwishowe watu walikuwa wamevusha mtungi mmoja kwa mashua. Hiyo ndiyo habari yote. Nilimuuliza mbona hakurudi mtoni kuniambia.

"Nilikuwa wodini nasoma faili," akasema. "Nilisahau wewe. Nisamehe."

Nikamuuliza kuhusu yule mama. Kusema kweli faili halikumwokoa. Daktari alikuwa amechoka kungoja, akachagua dawa nyingine asiyokuwa na shaka nayo, na degedege ikatulia kabla rekodi hazijafunguka. Faili lilipofunguka lilionyesha kwamba alichagua vizuri. Mtoto alizaliwa jioni ile ile, mdogo, akalazwa kifuani pa mama yake apate joto. Nilishukuru, lakini usiku huo na mara nyingi baadaye nilikuwa nawaza juu ya upande mwingine, kama daktari angechagua vibaya huku jibu likiwa limekwama kwenye daraja langu. Wazo hilo halijaniacha. Sasa siweki kitu kipya kwenye seva yoyote kabla nakala haijafika yote, na kabla sijaandika mwenyewe anwani ambazo daraja litatumia. Wenzangu wananiona mwoga. Sibishani nao.

"Na wewe," nikamuuliza rafiki yangu, "hukuogopa simu zilipokufa?"

"Kaka yangu ni askari wa akiba, alikuwa doria upande wa msituni. Nilipoona simu imekufa nilijua ni yeye wamempata. Kila hatua ya kwenda mtoni nilikuwa najua ni yeye." Kisha akasema, "Alikuja nyumbani kula saa kumi na moja, anauliza kwa nini nguo yangu imechafuka."

Alikuwa hajanigusia hata neno moja siku nzima.

Kazi ilikuwa bado haijafanyika. Maji yalipopungua, mkuu wangu aliniuliza kwa upole kama ningependa kwenda mwenyewe safari hii. Nilikwenda. Sitadanganya kwamba nilikwenda kwa ushujaa. Nilikaa katikati ya gari la hospitali, nikafumba macho sehemu zote zenye vichaka vya karibu, na dereva alipopunguza mwendo kupisha ng'ombe nilimshika mkono hadi akalalamika. Tulifika salama. Rafiki yangu alikuwa amenipikia wali na nyama ya mbuzi, akanilazimisha kula kabla hata sijaiona mashine.

Seva ilikuwa kwenye kona ya ofisi yake, imefunikwa kwa mtandio dhidi ya vumbi. Safari hii yeye ndiye aliyekaa kwenye kibodi, mimi nikasimama nyuma yake na kusoma. Tuliandika kwanza faili la anwani za daraja, kisha tukaiwasha programu. Nilijikuta nimemshika mabega. Muuguzi wa wodi ya wazazi alikuwa mlangoni, anajaribu kompyuta yake kila mara na kutuambia kwa sauti, "Inafunguka. Bado inafunguka." Tukaliendesha kontena dogo la majaribio, lile linalokuja na programu kwa ajili ya kuhakikisha kila kitu kiko sawa. Maandishi yakatokea.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inatusalimia."

Aliitazama skrini kidogo, akaiitikia kwa Kisomali, "Nabad," yaani amani, kisha akaniuliza amri inayofuata ni ipi, maana wagonjwa walikuwa wanaanza kupanga foleni.